Wageni Wakija Skuli, Masomo Yaendelee

Tuliambiwa wageni watafika saa mbili asubuhi. Wakafika saa tano kasorobo. Muda wote huo darasa la tatu na la nne wamepangwa mistari uwanjani, jua la kaskazi linawapiga utosini, na kila gari likisikika barabarani tunaanza wimbo upya. Mtoto mmoja akaanguka. Tukampepea kwa daftari, tukampa maji ya sukari. Wageni walikaa dakika ishirini, wakagawa pipi, wakapiga picha, wakaenda zao. Pipi zenyewe hazikutosha. Ukiwa na pipi 40 na watoto 90 umeleta ugomvi, si zawadi.

Nafundisha skuli ya msingi huku Wete, Pemba, na tangu siku ile nimekuwa mkaidi katika jambo hili. Walimu wenzangu, msitoe watoto darasani kumsubiri mtu. Mgeni akifika, mwalimu mkuu ampokee ofisini, asaini kitabu cha wageni, kisha aongozwe darasa moja akae nyuma aone somo. Watoto watasimama, watamwamkia, watakaa, basi. Nilipolisema hili kikaoni nikaambiwa sina adabu ya wageni. Lakini huyo mgeni ametoka kwao kuja kuona skuli, na skuli ni watoto wanasoma.

Akikuuliza mnahitaji nini, usijibu "chochote tu, tutashukuru." Mimi nilijibu hivyo mara moja. Tukaletewa sanduku la vitabu vya hadithi kwa Kijerumani, vimejaa picha za theluji. Vimo stoo mpaka leo, na wanaovipitia ni panya. Siku hizi kamati ya skuli ina karatasi ukutani: chaki, mabusati, bati la choo cha wasichana. Mgeni anasoma mwenyewe.

Na nyinyi mnaotaka kututembelea, wa hapa na wa ng'ambo: semeni kwanza na sheha, yaani kiongozi wa mtaa, na mwalimu mkuu, vaeni nguo za heshima, zawadi ziacheni ofisini. Picha ya mtoto haipigwi kabla mzazi wake hajaridhia.

Sasa niseme la mgeni aliyenifurahisha kuliko wote. Hakuja na gari. Ni mzee wa mtaa wa pili, mchuma karafuu tangu ujana wake, nilimwomba tulipokuwa tunasoma vipimo darasa la tano. Alikuja na baiskeli, jamvi limefungwa nyuma, na pakacha la karafuu mbichi. Nikamwamkia, akanijibu, "Marahaba maalim, hawa ndio wanafunzi wako? Haya, nani anajua kuchambua?" Mikono yote juu. Watoto wa Pemba wote wamekesha msimu wa karafuu wakitenga karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, ila hakuna aliyewahi kuambiwa kwamba ile ni hesabu.

Akawauliza: kilo tatu mbichi nikizianika siku nne tano, jua zuri, nitapata kilo ngapi kavu? Wengi wakasema tatu. Mmoja akasema mbili. Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Moja, wanangu. Mbili zote zinakwenda na jua." Akawapa kavu na mbichi washike, wanuse, wapime kwa mizani niliyoazima dukani. Theluthi niliyokuwa naiandika ubaoni wiki nzima ikaeleweka kabla kengele haijalia. Gharama yake ilikuwa chai na vitumbua viwili.

Kosa langu lilikuwa moja. Skuli yetu ina mikondo miwili, na wageni karibu wote huja asubuhi, kwa hiyo watoto wa mchana huwasikia tu kwa wenzao. Mkondo wa mchana walipoingia wakakuta harufu ya karafuu darasani, wakaniuliza kulikuwa na nini. Nilipowaeleza wakanuna. Nikampigia mzee simu. Akanijibu nimsubiri aswali adhuhuri, na saa nane akaonekana tena getini na jamvi lake nyuma ya baiskeli.