Je, ni sawa kuwahubiria injili wazee wa kijijini Hispania ambao wamebatizwa tangu utotoni?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mchungaji. Mimi ni dada kutoka Marangu, niko Hispania, namtunza bibi mmoja wa miaka 88 kwenye kijiji kidogo mkoa wa Teruel, nalala hapohapo kwake. Nikipata ofu Jumapili nasali Zaragoza kwenye kanisa la walokole, wengi ni Walatino. Sasa kanisa limepanga kampeni ya injili vijijini mwezi wa nane na kijiji changu kimo. Siku ya San Roque, mtakatifu wanayemsherehekea hapa kijijini, watu wakiwa kwenye maandamano na sanamu yake, wanataka kugawa vipeperushi vya kukemea sanamu na vingine waviweke kwenye maboksi ya barua nyumba kwa nyumba, na mimi ndo nimeambiwa niwe mwenyeji wao. Naona aibu mchungaji, ila naogopa pia isije ikawa namwonea haya Kristo. Halafu Paulo anasema Warumi 15:20 kwamba hakutaka kuhubiri mahali ambapo jina la Kristo limeshatajwa, na hawa wote wamebatizwa tangu wachanga. Na bibi mwenyewe kila jioni ananiomba nisali naye rozari. Nimhubirie aokoke? Nahofia muda wake umebaki mdogo.

JIBU: Amina dada yangu, na pole sana na majukumu, kumtunza mzee usiku na mchana ukiwa nchi ya watu si kazi ndogo. Umeuliza mambo matatu kwa mpigo, la andiko, la kampeni na la bibi, na mi naona yote matatu yanarudi palepale, kwamba hicho kijiji hakijakosa kutangaziwa, kimekosa mtu wa kukaa nacho, na kwa sasa hivi mtu aliyekaa ni wewe.

Nianze na andiko manake hapo wengi wanakwama. Ni kweli Warumi 15:20 Paulo anasema alijitahidi asihubiri pale jina la Kristo lilipokwisha kutajwa, asije akajenga juu ya msingi wa mtu mwingine. Lakini usifunge Biblia hapo, shuka mpaka mstari wa 24 uone anataka kwenda wapi akishapita Rumi. Hispania! Na mstari wa 28 anarudia tena. Hiyo nchi unayoishi ndo ilikuwa mwisho wa safari kwenye mawazo ya Paulo, mahali ambapo injili ilikuwa bado, na leo ni kweli haiko hivyo, kila kijiji kina mnara wa kanisa. Kwahiyo mtu anaweza kusema basi kwa Hispania kazi imeisha. Ila rudi mlango wa kwanza, mstari wa 15, Paulo huyohuyo anawaambia walioko Rumi, watu ambao ameshawaita watakatifu na imani yao inatajwa dunia nzima, kwamba yuko tayari kuwahubiria injili hata wao. Ni waumini tayari na bado anataka kuwahubiria! Hiyo 15:20 ni utaratibu wa kazi yake yeye kama mtume wa kuanzisha, hakuweka sheria kwamba mtu akishabatizwa asisikie tena habari za Yesu. Mimi na wewe tunahubiriwa kila Jumapili na bado tunahitaji.

Kinachobadilika ni namna. Soma Matendo 18 habari za Apolo, mtu hodari katika maandiko, anafundisha habari za Yesu kwa usahihi ila alijua ubatizo wa Yohana tu. Prisila na Akila walimsikia akinena kwenye sinagogi, na hawakusimama mbele ya watu kumuumbua, walimchukua kwao wakamweleza njia ya Bwana kwa usahihi zaidi. Mtu aliyekwisha kumtaja Kristo unaenda naye hivyo. Usije ukamhesabu bibi kama mpagani. Hiyo ni nchi ya Teresa wa Avila, mama wa maombi aliyefariki mwaka 1582, na kuna watu wamelia mbele za Mungu kwenye ardhi hiyo karne nyingi kabla jina la Yesu halijafika Marangu.

Uhitaji upo lakini, tusidanganyane. Hispania ya leo, nusu ya watu na kidogo juu ndo wanajiita Wakatoliki ukiwauliza, na wanaoonekana misa kila Jumapili ni wachache kuliko hao, vijana ndo kabisa. Mkoa wako wa Teruel una manispaa 236 na watu kama 9 tu kwa kilomita moja ya mraba, shule zimefungwa, padri mmoja anazunguka vijiji kibao kwa gari lake, na siku hizi wengine ni mapadri waliotoka Afrika na Amerika ya Kusini. Makanisa ya kiinjili nchi nzima yamepita 4,000, ila mengi yako mijini na pwani, ukiingia bara kule unaweza kuendesha gari masaa usione hata moja. Kwahiyo kanisa lako kuuona huo uhitaji nawapongeza kwa moyo wote, na ni aibu kwa wale wanaosema Ulaya walishapata neema yao waachwe hivyohivyo.

Sasa kampeni yenyewe. Mwangalie huyo bibi wa miaka 88, piga hesabu alizaliwa lini. Alizaliwa vita ya wenyewe kwa wenyewe ikiwa inaendelea au ndo imeisha, ile ya 1936 mpaka 1939, na mji wa Teruel wenyewe ulipiganiwa nyumba kwa nyumba kwenye theluji majira ya baridi ya 1937 kuingia 1938. Kwenye vita ile mapadri, watawa na masista karibu 7,000 waliuawa, makanisa yakachomwa, askofu wa Teruel, Anselmo Polanco, alikamatwa na akapigwa risasi Februari 1939. Huyo bibi amekua kwenye nyumba ambazo mambo hayo yalisimuliwa kwa kunong'ona. Halafu ukaja utawala wa kidikteta wa Jenerali Franco mpaka 1975, dini ikawa moja, na sisi watu wa injili tukafungiwa ndani, sheria ya mwaka 1945 iliruhusu ibada za faraghani tu, hakuna kibao mlangoni wala kuhubiri nje, ndoa zao zilisumbuliwa sana, na wakifa sehemu nyingi wanazikwa kwenye kona yao pembeni na wenzao. Watoto walifundishwa kwamba Mprotestanti ni mzushi na adui wa taifa. Sheria ya kwanza ya kulegeza ilikuja 1967, uhuru wenyewe ukaandikwa kwenye katiba ya 1978, na mwaka 1992 ndo serikali ikasaini makubaliano na makanisa ya kiinjili. Bibi yako alikuwa mama mzima na watoto wake wakati hayo yanabadilika. Karatasi isiyo na mtu ikiingia kwenye boksi lake la barua inamwambia sanamu zake ni uchafu, yeye hasomi injili hapo, anasoma zile kelele za zamani zimerudi, na atasema "secta", yaani dhehebu potofu, na kuitupa, na wewe unayelala chumba cha pili atakuangalia kwa jicho lingine.

Na sisi pia tuna kidonda chetu, nakitaja ili usidhani nawaonea walokole. Hiyo Reina-Valera, Biblia ya Kihispania mnayosoma hapo Zaragoza, mwanzo wake ni Casiodoro de Reina, mtawa wa Santiponce jirani na Sevilla, aliyekimbia mwaka 1557 na Biblia yake ikachapwa Basel mwaka 1569. Kuna na kaka mmoja Julián Hernández, walimwita Julianillo, alikuwa anaingiza Agano Jipya kwa siri kutoka Geneva mpaka Sevilla, wakamkamata, akakaa gerezani miaka kama mitatu na wakamchoma moto Desemba 1560. Hao walilipa kwa damu ili Mhispania asome Neno kwa lugha yake, kwahiyo mimi siwezi kumwambia mtu wa Mungu anyamaze Hispania. Ninachosema, nchi ambayo pande zote mbili zimeuana kwa jina la Mungu haiponi kwa karatasi ya kupitisha mkono na kuondoka.

Yesu mwenyewe Luka 10 aliwatuma wale sabini akawaambia wakifika nyumba wakae humohumo, wale na kunywa vya kwao, wasihamehame nyumba hii kwenda ile. Angalia injili ilivyoingia kwa Wagitano, yaani Waroma wa Hispania, hapo jirani zenu upande wa Lleida miaka ya 1960, ilikuja na Wagitano wenzao waliookoka wakiwa Ufaransa, wakarudi kwa ndugu zao wakakaa nao, wakaimba nao kwa magitaa yao, na leo makanisa yao yamejaa nchi nzima. Hakuna kampeni ya siku mbili ingefanya vile.

Kuhusu hiyo siku ya San Roque. Wewe ni mtu wa Marangu, unajua Desemba inavyokuwa, wote walioko Dar na Arusha na Nairobi wanapanda kwenda nyumbani, wanachinja, wanaona makaburi ya babu. Agosti ya vijiji vya Hispania ni hivyohivyo, watoto na wajukuu wametoka Zaragoza, Barcelona, Valencia, nyumba zilizofungwa mwaka mzima zimefunguliwa madirisha. Viongozi wako wameona wingi wa watu wakasema hapo ndo pa kuvua samaki. Hebu jiulize watu wageni wangekuja Marangu tarehe 25 Desemba na spika kuwaambia wazazi wako wanaabudu vibaya, ungewasikiliza? Na kama ni suala la sanamu, mimi na wewe hatuzipigii magoti na hatuna haja ya kuficha hilo, lakini mwangalie Paulo Efeso, mji wa Artemi, alikaa kule zaidi ya miaka miwili akihubiri mpaka biashara ya wachonga sanamu ikayumba, na bado karani wa mji, ambaye hakuwa mwamini, alisimama akashuhudia kwamba watu hawa hawakuiba vya hekalu wala kumtukana mungu wao (Matendo 19:37). Natamani na kijiji chako kiweze kusema hivyo juu yenu.

Kwahiyo waambie viongozi wako kwa heshima lakini bila kuzunguka, kwamba maandamano waachieni wenyewe. Wakitaka kweli kuwafikia hao watu waje Januari. Mkoa wenu ndo una Calamocha, mji uliopimwa nyuzi 30 chini ya sifuri Desemba 1963, na mwezi wa kwanza kijiji kinabaki na wazee wachache, baa moja kama ipo, na basi la nadra. Waje wapitie kwa meya wajitambulishe kwa jina la kanisa lao bila kujificha, wamsalimie na padri, waulize nani hana wa kumpeleka hospitali Teruel, nani kuni zake hazijapasuliwa, na Februari warudi tena, na Machi. Wakija watu walewale mara kwa mara, kuna siku mzee mmoja atauliza nyie mnatafuta nini huku, na hilo swali ndo mlango wenyewe, 1 Petro 3:15 inasema tuwe tayari kumjibu kila mtu atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, kwa upole na kwa hofu. Wakikataa na kung'ang'ania Agosti, una haki ya kusema mimi sitakuwa mwenyeji wa hilo, na hapo hujamwonea haya Kristo hata kidogo.

Sasa bibi, na hapa naomba unisikilize sana. Huyu ni mtu anayekutegemea kwa chakula, kwa kuoga, kwa kugeuzwa kitandani. Mtu wa hivyo hawezi kukukatalia kwa uhuru, atasema ndiyo ili usiondoke. Paulo 2 Wakorintho 4:2 anasema tumeyakataa mambo ya aibu yaliyositirika, hatuenendi kwa hila, kwahiyo usimtie hofu ya kufa wala usimvizie usiku akiwa na maumivu, na sijui kumwongoza sala ya toba asiyoielewa ili uandike kanisani umevuna roho moja, hapana. Msomee Neno akitaka, na usome kwenye Biblia yake mwenyewe ya Kikatoliki, atakuamini zaidi. Anza na Zaburi ya 71, pale mzee anamwambia Mungu usinitupe wakati wa uzee, nguvu zangu zipungukapo usiniache. Msomee Luka polepole, ukurasa kwa ukurasa. Mwache aulize, mwambie bila kuona haya Yesu amekufanyia nini wewe, hilo ni lako na hakuna atakayekulaumu.

Na habari ya muda usiibebe wewe. Yule mwizi msalabani hakupata muda wala fomula, alipata Yesu pembeni yake. Wokovu wa bibi uko kwa Kristo aliyefufuka, hauko kwenye maneno fulani ambayo sisi tumezoea kuyatumia. Siku akizidiwa akaomba padri wa kumpaka mafuta, mpigie padri simu hapohapo, usichelewe, usisubiri mtu wa kanisa lako afike kwanza. Kumnyima mzee hilo ni ukatili, na familia yake ikijua itakuwa na haki ya kukasirika.

Rozari umeuliza kama kitu kidogo, mimi naona ndo penyewe. Kaa naye. Baba Yetu imo humo, sali kwa sauti, hiyo ni sala ya Bwana wetu sote. Utukufu kwa Baba nayo sali. Yale mafungu anayotafakari mengi ni ya injili, kuzaliwa kwake, bustanini, msalabani, kufufuka, unaweza ukamfungulia Luka umsomee kila fungu kabla hajalisali, na nakuhakikishia atafurahi. Ile salamu mwanzo wake ni maneno ya malaika na ya Elisabeti kwenye Luka 1, ila ukifika kwenye kumwomba Mariamu na dhamiri yako ikikataa, nyamaza, mshike tu mkono, usiigize kitu usichokiamini kwa sababu ya mshahara. Akikuuliza mbona hapo unanyamaza, mwambie ukweli kwa upole, Kihispania chako kinatosha kabisa.