Kabla hujaolewa na binamu, uliza kama mlinyonya ziwa moja na upime damu

Mimi nimeolewa na mtoto wa mjomba, mwaka wa 11 sasa, na mume wangu nampenda, nasema mapema msije mkadhani nimekuja kumsema. Kwetu Tanga wanasema binamu nyama ya hamu, na wazee walifurahi kweli, mahari haikuwa na mvutano wowote.

Kidini haina shida. Suratun Nisaa aya ya 23 imewataja wasiooleka, mama, binti, dada, shangazi, khalati (dada wa mama), watoto wa kaka na wa dada, binamu hayumo. Na Mtume (s.a.w.) mwenyewe alimuoa Bi Zainab bint Jahsh, mtoto wa shangazi yake. Lakini aya hiyohiyo imetaja na dada wa kunyonya, hapo ndo watu wanapita mbio. Tumelelewa nyumba moja jamani, mama katoka, mtoto analia, shangazi anampa ziwa, yameisha. Sisi Mashafii, tunaofuata madhehebu ya Imam Shafii, kunyonya kukifika mara tano kabla hajatimiza miaka miwili, basi mtoto wa huyo shangazi ni kaka yako, ndoa hakuna. Waulizeni bibi zenu wangali hai. Mimi niliuliza, tukawa salama.

Ambacho sikuuliza ni damu. Mtoto wetu wa kwanza ana miezi 8 akaamka vidole vimevimba vinang'aa, ukimgusa tu anapiga kelele, bibi akasema kaumwa na mdudu tukampaka mafuta. Wiki mbili baadae ikawa miguu. Kupima, sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi, na sisi wazazi wote AS, yaani tumeubeba ila hatuumwi. Nilikaa kwenye benchi na kile kikaratasi mpaka mume wangu akaja kuninyanyua.

Daktari alinieleza kwamba binamu mnachangia kama sehemu 1 kati ya 8 ya vinasaba, so ugonjwa uliojificha kwenye ukoo ni rahisi nyote kuubeba. Watu baki, watoto kama 3 kwa 100 huzaliwa na kasoro, binamu kama 6, kwa hiyo wengi wanazaa watoto wazima kabisa, msitishane. Ila mkiwa AS wote wawili kila mimba uwezekano wa kupata mtoto mgonjwa ni 1 kati ya 4, na sio kwamba ukishapata mgonjwa mmoja basi watatu wanaofuata wazima, hapana, kila mimba inaanza upya.

Kwa hiyo pimeni kabla ya posa, maana kadi zikishagawiwa nani atarudi nyuma? Na kujua grupu la damu sio kipimo hicho, ombeni cha sikoseli kinachosema AA (huna kabisa), AS (umebeba) au SS (mgonjwa). Ukiambiwa kupima ni kukosa imani, waambie Saudia ni lazima kabla ya ndoa tangu 2004, na wanazuoni wetu wa Kishafii wameandika ni bora mke asiwe jamaa wa karibu sana.

Mdogo wangu alipoposwa na mtoto wa ami nilimpeleka mwenyewe. Yeye AS, kijana AA, kwa hiyo hawazai mtoto wa SS. Wameoana kabla ya Ramadhani, na mwanangu, ana miaka 9 sasa na foliki asidi yake, kidonge cha kusaidia damu, anameza kila asubuhi bila kukumbushwa, ndo alishika chetezo mlangoni.