Usipande treni hiyo kabla refa hajakagua uwanja

Mkuu, simama hapo hapo. Nimelisoma swali lako mara mbili. Uko Cardiff masomoni, unataka kuzunguka viwanja vya ligi za chini za Wales, na umeshakata tiketi ya bei nafuu, ile isiyorudishwa pesa, mpaka Bangor, kaskazini mwa Wales, kwa Jumamosi ya katikati ya Januari. Ukishuka Bangor utadandia basi mpaka uwanjani. Halafu unauliza kiingilio ni kiasi gani, uvae nini, kama watakuruhusu kurekodi video za chaneli yako, na kama Mwafrika akisimama pale peke yake atatazamwa vibaya. Swali lililobeba pesa zako hukuliuliza: mechi itakuwepo?

Najua hukuliuliza kwa sababu mimi pia sikuliuliza. Nilipoona neno "Bangor" kwenye uzi wako moyo ulinipasuka, maana ni njia ile ile na msimu ule ule.

Miaka miwili iliyopita Baba alikuja kunitembelea kutoka Tanga, wiki tatu. Baba ni Mgosi wa Kaya wa damu. Alikuwepo timu yake, Coastal Union, ilipochukua ubingwa wa Tanzania 1988, na hadithi zake zote zinaanzia uwanja wa Mkwakwani. Nikamuuliza anataka kuona nini Uingereza, nikijua atataja uwanja fulani mkubwa wa London. Akasema hapana, hivyo anaviona kwenye runinga. Anataka mpira wa karibu, wa kusikia mchezaji akimgombeza mwenzake. Nikamwambia Baba, umefika penyewe, Wales ndiko kuliko na mpira huo.

Jumamosi yetu ilikuwa imebaki moja tu, jioni ya Jumanne yake alikuwa anapanda ndege. Nikaingia kwenye grupu moja la WhatsApp la Waswahili tulioko huku, nikauliza. Akajitokeza jamaa anayejiita mwenyeji, miaka kumi na nne Wales, akanichagulia timu ya kaskazini, akanipangia na treni. Nikamuuliza kuhusu mvua, kwa sababu wiki nzima ilikuwa inanyesha. Akajibu kwa sauti ya kujiamini, ninayo mpaka leo kwenye simu: "Mechi za huku haziahirishwi, hawa watu wamezoea mvua." Wamezoea mvua! Ndugu yangu, watu wamezoea mvua, udongo haujazoea. Udongo ukishiba maji umeshiba, na mpira hauogelei. Huyu mtu baadaye nilikuja kugundua hajawahi kuingia uwanja wowote wa ligi ya Wales. Miaka kumi na nne anatazama ligi kuu ya Uingereza sebuleni kwake, halafu anawapanga watu safari. Nilipomwambia yaliyotupata akanijibu kwa kikatuni cha mtu anayecheka. Sijamsamehe, na sioni haraka ya kumsamehe.

Tuliondoka Cardiff saa moja na ushee asubuhi, giza bado. Baba amevaa jezi nyekundu na nyeupe ya Coastal, juu yake sweta, juu yake koti langu. Safari ya Cardiff mpaka Bangor ni zaidi ya saa nne, na treni haipiti Wales moja kwa moja kama unavyodhani ukiangalia ramani. Inatoka nje kuingia Uingereza yenyewe, yaani England, inapita Hereford na Shrewsbury, inarudi Wales pale Wrexham, inatoka tena mpaka Chester, halafu ndiyo inashika pwani ya kaskazini. Kule kwenye vilima mtandao unakatikakatika. Mimi nilikuwa na programu ya matokeo kwenye simu, inaonyesha mechi yetu ipo, saa nane na nusu mchana. Kila nikiifungua, ipo. Nikatulia.

Pale Chester treni nyingi za njia hiyo zinageuza uelekeo. Zinaingia kichwa mbele na kutoka mkia mbele. Baba akaona tunarudi tulikotoka, akaniuliza, "Mwanangu, tunarudi?" Nikacheka, nikamweleza reli ilivyo. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini asubuhi. Nakumbuka kwa sababu baadaye nilikwenda kuangalia muda ambao klabu ilitangaza kwenye ukurasa wake kwamba refa amekagua uwanja na mechi imeahirishwa. Saa nne na dakika ishirini.

Yaani kama ningefungua ukurasa wa klabu dakika ile, badala ya programu ile, tungekuwa na nafasi. Ngoja nikuonyeshe, maana hapa ndipo roho inaponiuma. Kutoka Chester treni inapita Shotton, unakoshuka kwenda Connah's Quay, halafu Flint, ambapo ngome iliyoanza kujengwa 1277 unaiona kutoka dirishani, na uwanja wa Flint Town uko jirani nayo, ndiyo maana unaitwa Cae-y-Castell, shamba la ngome. Inapita Rhyl. Inapita Colwyn Bay. Inasimama Llandudno Junction, na hapo kuna kijitreni kifupi cha kwenda Llandudno mjini, wenye uwanja wa nyasi bandia. Siku ile Llandudno kulichezwa mpira, mkuu. Tulisimama stesheni ile, milango ikafunguliwa, nikamwonyesha Baba bahari, milango ikafungwa, tukaendelea na safari ya kwenda kwenye mechi ambayo haikuwepo.

Klabu tuliyokuwa tunaiendea siitaji, kwa sababu wao hawana kosa lolote. Walitangaza mapema na walitangaza panapostahili. Ni timu ya mji mmojawapo wa kule mbele ya Bangor, ambako Kiwelshi ndiyo lugha ya dukani na ya mtoto akimwita mama yake. Tulifika getini kama saa saba. Mvua ya rasharasha, upepo wa baharini. Geti limefungwa. Kuna karatasi imewekwa ndani ya mfuko wa plastiki, imefungwa kwa kamba kwenye nondo, wino umeanza kuvuja kwenye kona, maneno matatu: GÊM WEDI'I GOHIRIO.

Kiwelshi sijui. Nikaona "gêm", nikasema Baba, ni hapa hapa, ndiyo mechi, tumewahi tu. Tukasimama. Dakika arobaini tumesimama na mwavuli mmoja, nikimwambia wenzetu huku hawana haraka, watafungua. Baba anachungulia kwenye uwazi wa geti, anaona magoli, anaona nyavu hazijafungwa, ananiambia "Mbona nyavu hawajafunga?" Namwambia watafunga. Mpaka akapita mzee mmoja na mbwa wake, akatusoma, akatuambia kwa Kiingereza, kwa upole kabisa, kwamba mechi imeahirishwa tangu asubuhi na ndivyo karatasi inavyosema. Gohirio ni kuahirisha. Neno hilo sitalisahau hadi naingia kaburini.

Baba hakusema neno baya. Alifunga mwavuli, akasema, "Twende zetu, mwanangu, tumeuona uwanja." Hiyo ndiyo iliniumiza kuliko kama angenifokea.

Pesa: tiketi mbili, mabasi, na chumba Bangor nilichokuwa nimeshalipia ili tusirudi usiku. Pauni 240 hivi. Kwa pesa za madafu piga hesabu mwenyewe, ukae kitako kwanza. Na mtu yeyote asiniambie "lakini ulikuwa na simu." Nilikuwa nayo. Ilikuwa inanidanganya, na mwenyeji wa grupu alikuwa ameshanihakikishia. Wewe ungefanya nini?

Sasa nisikilize vizuri. Kuanzia Novemba mpaka Machi, mechi ya nyasi za asili Wales haipo mpaka refa aseme ipo. Usiihesabu. Ratiba ni maombi tu. Mvua ikiwa nyingi, refa au mwamuzi wa jirani anakwenda asubuhi, anatembea uwanja mzima, anadundisha mpira. Ukigonga na kukwama, au maji yakitokeza pembeni mwa kiatu, kwisha habari. Na ukaguzi unaweza kurudiwa mara mbili: asubuhi wanasema sawa, saa sita mvua inashuka tena, wanafuta. Habari hiyo inaanzia kwa klabu yenyewe, kwenye ukurasa wake wa mtandao wa kijamii. Zile programu za matokeo zinachelewa, nyingine hazibadilishi mpaka muda wa mechi upite. Kwa hiyo ingia kwenye ukurasa wa klabu, na kama umekwama piga simu. Klabu hizi zinaendeshwa na watu wa kujitolea, anapokea mtu yule yule atakayekukatia tiketi getini, na atakujibu vizuri.

Na tatizo lako ni kwamba ukitokea Cardiff kwenda Bangor, lazima upande treni kabla refa hajavaa viatu. Umeona mtego ulivyo? Ndiyo maana hukutakiwa kukata tiketi ya umbali huo kwa mechi moja ya Januari. Hukutaja hata timu, na sijui kama wewe mwenyewe umeuliza wanachezea nyasi gani. Hilo ndilo la kuuliza kwanza kabla ya kiingilio. (Kiingilio si kitu, mimi nimekuwa nikilipa kati ya pauni 8 na 10 ligi ya juu, madaraja ya chini hupungua zaidi.)

Miezi hii baki kusini kwenye nyasi bandia. Unazo mlangoni kwako na huzioni. Cardiff Met wako hapo hapo Cyncoed, ni timu ya chuo kikuu, wachezaji wanafunzi kama wewe, na mwaka 2019 walicheza hatua ya mchujo wa Europa League. Barry, Jenner Park, ni treni ya kama nusu saa. Pale ndipo Barry Town walipomfunga Porto 3-1 mwaka 2001, baada ya kufungwa 8-0 kule Ureno. Hawakupita, lakini mtu wa Barry akikusimulia utadhani walichukua kombe. Kuna njia ya riadha inayozunguka uwanja, kwa hiyo mpira unakuwa mbali kidogo, ila utachezwa. Penybont wako Bridgend, treni ya dakika ishirini na kitu. Sehemu tatu hizo unaweza kuamua saa nne asubuhi na bado ukawahi kula.

Ukitaka mabingwa wa mara nyingi, The New Saints, wale waliovunja rekodi ya Ajax mwaka 2016 kwa kushinda mechi 27 mfululizo, wana nyasi bandia pia. Ila angalia, uwanja wao Park Hall uko Oswestry, nje ya Wales kabisa, upande wa Uingereza, unashukia Gobowen. Na usije ukamfuata Wrexham au Swansea ukidhani uko kwenye ligi ya Wales. Hao wanacheza ligi za Uingereza, na Merthyr pia.

Kitu kingine cha haraka: muda. Mechi nyingi za Cymru Premier, ile ligi ya juu ya Wales, za Jumamosi ni saa nane na nusu mchana, lakini kituo cha S4C wakiichukua kuirusha kwenye runinga inaweza kuhamia Ijumaa usiku au Jumamosi jioni. Kwa hiyo hata kama jua linawaka, thibitisha wiki ile ile.

Kuhusu tiketi uliyokwisha kata: pesa haitarudi, ila tiketi nyingi za aina hiyo zinabadilishwa tarehe kwa kulipa ada kabla ya safari. Ibadilishe iende Aprili. Ukikataa kunisikia na ukaenda hiyo Januari, basi kabla hujalala Ijumaa andika kwenye karatasi kila mechi inayochezwa ile Jumamosi kwenye reli ya pwani ya kaskazini, kuanzia Flint mpaka Bangor, na mbele ya kila moja andika ni nyasi za asili au bandia. Treni ikisimama Chester, fungua ukurasa wa klabu yako. Wakisema imefutwa, unayo karatasi mkononi, unajua unashuka wapi. Sisi hatukuwa nayo.

Baba hajarudi tena, goti linamsumbua na viza nayo ni habari nyingine. Lakini kila Jumamosi nikimpigia nikiwa njiani kwenda uwanjani, salamu haijaisha ananiuliza, "Refa kasemaje?"

Taja timu, mkuu. Ijumaa nitakuangalizia hali ya hewa ya mji ule, na Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi nitakuwa hewani. Uliza hapa hapa kabla hujafika stesheni.