Maswali na Majibu: Je, Yankees wa 1960 Ndio Waliokuwa Bora?

Makala yangu kuhusu fainali ya besiboli ya Marekani ya mwaka 1960 imeleta barua nyingi. Kwa ambaye hakuisoma: Pittsburgh Pirates waliwashinda New York Yankees mechi nne kwa tatu, ilhali Yankees walikuwa na jumla ya pointi 55 na Pirates 27. Wengi mnasema bingwa halali alinyimwa kombe. Mimi sikubali, na hizi ndizo sababu zangu.

Kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika tunahesabu jumla ya mabao, na anayezidi anapita. Besiboli wanakataaje hesabu iliyo wazi hivyo? (Msomaji, Mwanza)

Kwa sababu kila mechi ya fainali hii huanza upya, na anayetangulia kufikisha ushindi mara nne ndiye bingwa. Wachezaji wanalijua hilo tangu siku ya kwanza, nao hucheza kwa hesabu hiyo.

Zitazame zile 55 kwa karibu. Yankees walishinda 16-3, 10-0 na 12-0. Hapo peke yake pana pointi 38. Katika mechi nne zilizobaki walipata 17, na Pirates wakapata 24: 6-4, 3-2, 5-2 na 10-9. Kocha aliyeachwa kwa pointi kumi hamwingizi mrushaji wake bora, yaani anayemrushia mpira mpigaji wa upande wa pili; humhifadhi kwa mechi ijayo. Elroy Face, ambaye kazi yake ilikuwa kuingia mwishoni kulinda ushindi, hakurusha mpira hata mmoja katika vile vipigo vitatu. Alicheza mechi nne, na zote nne Pirates walishinda. Danny Murtaugh, kocha wa Pirates, alikubali kupigwa vibaya siku ambayo tayari alikuwa amepigwa, na huko si kubahatisha.

Lakini ule mpira uliomgonga Kubek kooni? Ile ni bahati tupu! (Msomaji, Nairobi)

Ndiyo, ile ilikuwa bahati, na ninawaonea huruma Yankees kila nikiikumbuka. Ilikuwa mechi ya saba, tarehe 13 Oktoba, uwanja wa Forbes Field wa Pirates, awamu ya nane kati ya tisa (katika kila awamu timu hupiga hadi watu wake watatu watolewe). Yankees wanaongoza 7-4. Pirates wana mkimbiaji kwenye kituo cha kwanza, kati ya vinne anavyopaswa kuvizunguka ili kupata pointi. Bill Virdon wa Pirates anapiga mpira wa chini unaomwendea Tony Kubek, mlinzi wa Yankees, moja kwa moja, mpira wa kuwatoa watu wawili kwa mkupuo. Unagonga ardhi ngumu, unaruka ghafla na kumpiga kooni. Kubek anaanguka, anapelekwa hospitali. Hakuna aliyetolewa.

Ila wanaolalamika huishia hapo, na awamu haikuishia hapo. Pirates walipata pointi moja, ikawa 7-5, na Yankees wakawatoa wawili. Akaja Roberto Clemente, akapiga mpira dhaifu upande wa kituo cha kwanza. Bill Skowron wa Yankees akauokota, akatazama amrushie nani ili Clemente atolewe, na kituoni hapakuwa na mtu. Kukimbilia pale ilikuwa kazi ya mrushaji, Jim Coates, naye hakufika kwa wakati. Angefika, Clemente angekuwa wa tatu kutolewa, na awamu ingekwisha Yankees wakiwa bado mbele. Clemente akasalimika, pointi ikaingia, 7-6. Mpigaji aliyefuata, Hal Smith, akaupeleka mpira nje ya ukuta, pointi tatu kwa pigo moja. 9-7.

Ardhi ilimsaliti Kubek, lakini Coates hakusalitiwa na mtu.

Na niwape Yankees haki yao: walisawazisha 9-9 katika awamu ya tisa, Mickey Mantle akijirusha kurudi kituo cha kwanza chini ya mkono wa Rocky Nelson wa Pirates, huku mwenzake akiingiza pointi. Mchezaji mwenye akili ndogo angetolewa pale. Ndipo akaja Bill Mazeroski, wa kwanza kupiga upande wa Pirates, na mpira wake ukavuka ukuta wa kushoto, juu ya kichwa cha Yogi Berra, mlinzi wa Yankees. Pirates, kama wenyeji, ndio waliokuwa wakipiga mwisho, hivyo mechi ikaisha palepale, 10-9.

Casey Stengel, kocha wa Yankees, ana lawama gani? (Msomaji, Dodoma)

Kubwa. Mrushaji wake Whitey Ford alianza mechi mbili, ya tatu na ya sita, na Pirates hawakupata pointi hata moja katika zote mbili. Stengel alimhifadhi hadi timu ilipofika New York, na mechi ya kwanza akampa mrushaji mwingine, Art Ditmar, aliyemtoa mtu mmoja tu kabla ya kuondolewa. Mechi ya tano akampa tena Ditmar, na hakumaliza hata awamu ya pili. Ford angeanza mechi ya kwanza na ya nne, ya saba ingekuwa yake. Siku chache baadaye klabu ikamwondoa Stengel, akiwa na miaka 70.

Ni kweli tuzo ya mchezaji bora ilikwenda kwa aliyeshindwa? (Msomaji, Bujumbura)

Kweli kabisa. Bobby Richardson wa Yankees, kwa mapigo yaliyoingiza pointi 12. Ndiye mchezaji pekee wa timu iliyoshindwa kupewa tuzo hiyo katika fainali hizi. Alistahili.

Aliyemrushia Mazeroski mpira ule alipona moyo? (Msomaji, Mombasa)

Alipona, na hapa ndipo ninapowapenda Yankees wale kuliko katika zile pointi 55. Aliitwa Ralph Terry. Mwaka 1961 timu ilitwaa ubingwa. Mwaka 1962, dhidi ya San Francisco Giants, akapewa mechi ya saba na kuimaliza mwenyewe, 1-0. Mpira wa mwisho, wa mpigaji wa Giants Willie McCovey, ulipigwa kwa nguvu ya kutisha na kuishia mikononi mwa Richardson. Mchezaji bora wa fainali ile akawa Terry.

Mechi ya saba inaweza kutazamwa? (Msomaji, Muscat)

Ndiyo. Mwimbaji Bing Crosby, aliyekuwa mmoja wa wamiliki wa Pirates, aliagiza irekodiwe kwenye filamu kutoka kwenye televisheni. Mikanda ya filamu hiyo ilipatikana nyumbani kwake California mwaka 2009, na mwaka uliofuata mechi nzima ikaonyeshwa tena. Ukiipata, anza na awamu ya nane na umtazame Coates.