Maswali ya Mashujaa: tuanze na majina

Kila Julai ikipita simu yangu inajaa maswali ya mashujaa na makaburi na minara, na safari hii yamekuja mengi kutoka huku kwetu Kigoma na kwa ndugu zetu wa Tabora. Nimechukua haya machache. Yaliyorudiwa sijayagusa, isipokuwa la kwanza, maana hilo haliishi.

Shikamoo mzee. Siku ya Mashujaa ni 25 Julai au 20 Oktoba? Na je kazini tunaenda? (Mwanga, Kigoma)

Marahaba. 25 Julai. Ya 20 Oktoba ni ya Wakenya. Kazini unaenda. Hili naulizwa kila mwaka jamani, liandikeni ukutani.

Ile sanamu ya Askari pale Posta Dar ni ya mkoloni, kwa nini isibomolewe tuweke ya mtu wetu? (Kibondo)

Ndugu yangu, umewahi kusimama ukaiangalia? Yule ni Mwafrika, askari mweusi na bunduki yake. Ni kweli Waingereza ndio walioiweka, 1927, lakini pale chini kuna maandishi ya Kiswahili kabisa, na yanawataja wapagazi kwamba ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Kinachoniuma pale ni kwamba miguu imetajwa, mikono imetajwa, jina la mpagazi hata mmoja hakuna. Badala ya kuwaza kubomoa, mpeleke mtoto wako akasome.

Kigoma tunayo Liemba, si inatosha kuwa kumbukumbu ya Vita ya Kwanza? Mnara mwingine wa nini? (Ujiji)

Hapa niache nikae kidogo, maana swali hili linagusa penyewe. Liemba ilijengwa Papenburg kule Ujerumani 1913, ikafunguliwa vipande vipande ikaletwa mpaka huku, ikaunganishwa ikaitwa Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani walipoona Wabelgiji wanakaribia wakaizamisha wenyewe, ila kabla ya kuizamisha mafundi walipaka injini grisi nene kila mahali ili siku wakirudi waikute nzima. Na kweli Waingereza walipoiibua 1924 ikatengenezeka, 1927 ikaanza kazi, na wewe na mimi tumeikuta inapakia dagaa na abiria.

Sasa fikiria hiyo grisi. Vita imepamba moto, adui yuko karibu, na bado wapo watu waliotuliza akili wakawaza injini isipate kutu. Halafu fikiria waliobeba unga na masanduku ya risasi kwa ajili ya majeshi yote yale, la Mjerumani, la Mbelgiji na la Mwingereza, vijana waliotolewa vijijini, wengine kwa kamba. Upande wa Mwingereza peke yake wapagazi waliokufa wanakadiriwa karibu laki moja, na wengi wao hawakuuawa na risasi, waliuawa na kuhara damu, malaria, njaa na kuchoka. Majina yao kwa sehemu kubwa hayako popote. Injini ilipata mtu wa kuiwazia kesho yake, wao hawakupata.

Tabora ndiyo usiseme. Jeshi la Wabelgiji chini ya Jenerali Charles Tombeur, na askari wake wengi walikuwa Wakongo, liliingia pale 19 Septemba 1916, na baadaye jenerali akapewa ubaroni na jina la mji likashonwa kwenye jina lake, akawa Tombeur de Tabora. Mji mzima umeingia kwenye jina la mtu mmoja! Yule Mnyamwezi aliyebeba mzigo mpaka akaanguka njiani, ukoo wake leo hata hawajui alianguka pori gani.

Kwa hiyo hapana, haitoshi. Liemba itengenezwe, naiombea, ila meli inamkumbuka aliyeiunda.

Lakini mzee, miaka zaidi ya 100 imepita, hayo majina utayatoa wapi? Si tusonge mbele tu. (Urambo)

Majina yanatafutwa, mwanangu. Aprili 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri yenyewe kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, waliikufia Uingereza kwenye Vita ya Kwanza na hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Na hii ni tume iliyoanzishwa 1917 kwa ahadi kwamba kila aliyekufa ataandikwa jina lake bila kujali cheo! Mzungu akapata jiwe lenye jina na tarehe, mpagazi akaambiwa sanamu moja inawatosha wote. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Sawa, tumesikia, ila radhi bila kazi hailazi mtu.

Na kazi inawezekana. Januari 2025 Cape Town walizindua kumbukumbu ya watu weusi wa Afrika Kusini zaidi ya 1,700 waliokufa kwenye vita hiyohiyo wakiwa vibarua wa jeshi, kila mmoja na nguzo yake ya mti yenye jina. Miaka zaidi ya 100 baadaye! Walifukua makaratasi. Kwetu pia makaratasi yapo kwenye hifadhi za nyaraka, na wazee wapo vijijini ambao babu zao waliwasimulia nani alikwenda hakurudi, lakini hao wazee tunawazika kila wiki, bila kwenda na daftari tukawauliza.

Siku ya Mashujaa, kuweka mkuki, ngao na upinde kwenye mnara si ushirikina? (Kasulu)

Hapana. Ni heshima, na palepale sheikh na maaskofu wanaomba dua. Kama silaha zinakusumbua, angalia dua.

Wanajeshi wetu waliokufa Congo walifuata posho za UN, nao tuwaite mashujaa? (Kigoma mjini)

Kwa mtu wa Kigoma kuuliza hivi inaniuma, nasema wazi. Tarehe 7 Desemba 2017 walinzi wa amani wa Tanzania walivamiwa kambini kwao Semuliki, Kivu Kaskazini, wakafa wasiopungua 14 kwenye shambulio moja. Wewe unaishi ng'ambo ya ziwa tu. Umeona Wakongo wanaoshuka na mitumbwi wamebeba watoto na godoro, unajua kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu imekuwepo tangu 1996, watu wamezaliwa mle wakaoa wakazaa. Wale vijana wetu walikwenda kukaa katikati ya watu hao na wanaowafukuza. Posho walilipwa, ndiyo, hata daktari analipwa mshahara, na akifa akiwatibu wagonjwa hakuna anayemuuliza alikuwa analipwa shilingi ngapi.

Kukumbuka vita kila mwaka si kuwafundisha watoto wapende vita? (Nzega)

Inategemea unawasimulia nini. Ukiwapa gwaride na mizinga tu, watapenda mizinga. Wape na mjane. Vita vya Kagera vijana wengi wanajua ile hotuba ya Mwalimu ya Novemba 1978, uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo, wanaiiga mpaka sauti, ila ukiwauliza kwenye kata yao alikufa nani wanakutolea macho. Watoto wa Kigoma leo wakisikia Mashujaa wanajua timu ya mpira ya jeshi inayocheza uwanja wa Lake Tanganyika, na ni vizuri, naishangilia na mimi, ila mwalimu wa darasa awaambie basi hilo jina ni la nani.

Baba alipigana Kagera, amefariki mwaka jana. Kuna mtu anasema nikimpa hela ya fomu tutapata fidia na jina litaingia mnarani. Nifanye nini? (Buhigwe)

Pole sana mama. Hela usitoe. Anayekudai hela ya fomu ni tapeli, na hawa wanawawinda wajane hasa, waambie na wenzako.

Hati za mzee zitafute zote: namba yake ya jeshi, kikosi, kitambulisho, barua, nishani kama alipata. Mara nyingi zimo ndani ya kopo la biskuti au chini ya sanduku la nguo. Zipige picha kabla mchwa hawajafika, halafu nenda nazo kwa mshauri wa mgambo wa wilaya, na waulize walipo wazee wenzake wa Tanzania Legion, chama cha askari wa zamani. Haki yoyote iliyopo utaambiwa huko, bure.

Na kaburi lake liandike. Huku Buhigwe nimeona kaburi la askari wa Kagera, jina limechorwa kwa msumari saruji ikiwa bichi, nafasi haikutosha herufi ya mwisho ikashuka chini ya nyingine, namba yake ya jeshi ikafuata. Lilipasuka lakini linasomeka. Fanya hivyohivyo, jina kamili, namba, kikosi na mwaka, halafu uandike tena kwenye karatasi, moja ubaki nayo na nyingine mpe mtendaji wa kijiji aiweke kwenye faili.