Kwa mleta uzi wa kupunguza tumbo: mwambie mumeo kabla hujapanda ndege

Salamu baadaye. Dada, umeuliza slivu au baipasi, zile njia mbili za upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula, umeuliza bei, likizo ya kazini na ngozi kulegea. Mimi nimekwama kwenye ile sentensi uliyoitupia katikati kama vile si kitu: kwamba mumeo umemwambia unakwenda semina Arusha, na wakala wako wa safari ya India kakushauri usimwambie mtu yeyote "mpaka matokeo yaonekane". Nimeisoma nikiwa nimesimama Mwaloni, soko letu la samaki Mwanza, dagaa wanapimwa, nikamwachia kijana kazi nije kuandika. Hiyo sentensi naijua. Niliuziwa mimi kabla yako.

Mimi nilisema mgongo. Nilikuwa na kilo 148, presha, sukari, na magoti yaliyokuwa yanalia nikipanda kwa shangazi Bugarika. Lakini kitambi kwetu huku kwenye samaki ni heshima, mtu anakukopesha mzigo kwa kukitazama tu. Ningewaambiaje watu kwamba nakwenda India kulipa hela kitolewe? Nikasema nakwenda kutibiwa mgongo. Mke wangu, mama Kulwa, akalia, wadogo zangu wakachanga, mchungaji akaziombea pingili zangu moja moja. Mgongo mpaka leo ni mzima kabisa, labda ni yale maombi.

Upasuaji wenyewe sina la kulalamika. Slivu ni kwamba wanakata na kuondoa asilimia 75 hadi 80 ya tumbo la chakula, unabaki na bomba jembamba. Vitobo vitano, kamera, na jioni ile ile unatembezwa koridoni ili damu isigande miguuni. Bega litauma usishangae, ni ile gesi wanayojazia tumbo wakati wa kazi, inaisha. Baada ya hapo maji kwa funda dogo dogo, supu iliyochujwa, uji mwepesi, halafu vya kupondwa, na chakula cha kawaida unakirudia taratibu kwenye wiki ya sita mpaka ya nane. Walinipa barua ya kuruhusiwa na mfuko wa vidonge: vitamini za jumla, B12, madini ya chuma, kalsiamu na D. Wakanisisitizia kwamba hizi ni za maisha.

Barua nikaipiga picha, nikaichana. Mfuko wa vidonge nikaufungia kwenye dashibodi ya gari, maana ningemweleza nini mama Kulwa, mgongo gani unameza vitamini mpaka kufa? Siku nyingine nilikumbuka kumeza, siku nyingine gari lilikuwa gereji.

Sasa tuingie kwenye kidonda.

Tulipata msiba Misungwi, mjomba wangu. Nilikuwa wiki ya tano hivi, bado kwenye vyakula vya kupondwa. Nyumbani nilikuwa najitetea kwa sato wa kuchemsha, namponda kwa kijiko cha chai, nasema daktari wa mgongo kakataza mafuta. Msibani hakuna kijiko cha chai. Kuna sinia, wanaume mmelizunguka, ugali wa muhogo unaovutika na nyama ya ng'ombe. Na kwetu Usukumani mtu mzima aliyetoka India juzi akikaa kwenye sinia halafu hali, ni mawili: anaringa, au anajua marehemu kafaje. Nikamega. Tonge likashuka mpaka hapa chini ya kifua likasimama. Haliendi, halirudi. Mdomo ukajaa mate mazito, jasho likanitoka mpaka kwenye masikio, mzee aliyekaa pembeni akaniuliza kama nimeguswa sana na msiba. Nikaitikia kwa kichwa. Halafu, kwa akili yangu timamu, nikamega lingine ili lisukume la kwanza.

Yote niliyaacha nyuma ya migomba. Tangu siku hiyo hakikai kitu. Uji unarudi, maji yanarudi, hata mate ukimeza ovyo yanarudi. Baadaye nilikuja kuelezwa kwamba lile bomba lilikuwa limeanza kuwa jembamba mno sehemu moja, kovu linavuta, na ugali ulikuja kuliumbua tu.

Nikampigia wakala. Naomba niseme kidogo juu ya huyu bwana. Ofisi yake ni simu mbili na sofa la hoteli ya mtu mwingine. Hajawahi kushika hata bandeji, ila anavaa ile saa ya mkononi ya kupima mapigo ya moyo na anatamka "prosija" utadhani alisomea. Yeye ndiye aliyeniambia "siri ya mgonjwa ni mtaji wake, kaka, ukisema watakuonea kijicho". Nilikuja kujua baadaye kwamba hospitali inamlipa kwa kila kichwa anachopeleka, na kichwa kikishapanda ndege ya kurudi hakimhusu tena. Na kichwa chenye siri ndicho anachokipenda zaidi, kwa sababu hakina ndugu wa kumsumbua. Basi huyu bwana akanitumia sauti ya WhatsApp, nyuma nasikia watu wanacheka na glasi zinagongana: "Kaka usiwaze, hiyo ni sumu inatoka, mwili unajisafisha." Nikamwamini! Mimi ninayejua samaki aliyelala kwa kumtazama jicho tu, nikaamini kwamba mtu anatapika wiki mbili anajisafisha.

Na ningeenda hospitali nikaseme nini? Mke angekuwepo chumbani. Kwa hiyo nikakaa. Nguo zikawa zinapwaya, watu Kirumba wakaanza kunong'ona mambo yao mnayoyajua, nami nikawa nacheka.

Kilichofuata kilianzia miguuni. Nyayo zikawa na ganzi, nikawa navaa kandambili na kuiacha njiani bila kujua kama imetoka. Halafu magoti yakakosa nguvu, nikawa natembea kwa kushika ukuta. Halafu macho. Yalikuwa yanacheza yenyewe, kila mtu nikawa namwona wawili. Mama Kulwa wawili wakinihoji kwa pamoja, ndugu zangu, hapo ndipo nilipojua naumwa.

Wakanikimbiza zahanati ya jirani. Malaria hakuna, na kama mnavyojua nchi yetu, isipokuwa malaria ni UTI, isipokuwa UTI ni taifodi. Nikapewa taifodi. Nesi akauliza amewahi kufanyiwa upasuaji? Mke wangu akajibu kwa uhakika wote: ndiyo, wa mgongo, India. Mimi nipo pale nasikia, ulimi mzito, akili inakuja na kuondoka. Wakaniona nimekauka, wakanitundikia dripu ya glukosi. Ya kwanza, ikafuata ya pili. Kufika usiku sikuwa najua niko wapi. Naambiwa nilikuwa namwamuru nesi ashushe barafu kwenye boti.

Sikilizeni sasa, na wewe dada usome polepole. Kuna vitamini inaitwa B1, wengine wanaiita thiamini. Mwili unaitumia kugeuza sukari kuwa nguvu, na akiba yake ni ya wiki chache tu. Ukiwa umekatwa tumbo na unatapika, inakwisha haraka sana. Ikishakwisha, miguu inakufa ganzi, macho yanacheza, akili inaruka. Mtu wa namna hiyo ukimmwagia glukosi kabla ya B1, ile kidogo iliyobaki inatumika yote kuchoma hiyo sukari, na ubongo ndio unaoumia. Wapo ambao kumbukumbu hairudi tena maishani. Kanuni ni B1 kwanza, kwenye mshipa, glukosi baadaye. Zahanati siwalaumu sana, wao walitibu mgonjwa wa mgongo. Mgonjwa mwenyewe ndiye aliyewadanganya.

Mama mdogo alishaanza kupanga wanivushe kivuko cha Kamanga, kuna mtaalamu ng'ambo anayeondoa vitu vya kuchezewa na washindani wa biashara. Mdogo wangu ndiye aliyegoma, wakanipandisha kilimani, hospitali ya Bugando. Daktari kijana, nadhani hata ndevu zilikuwa hazijakubaliana kuota, akafunua shati langu, akapitisha kidole kwenye makovu, kimoja, kingine, kingine. Akamgeukia mama Kulwa: "Mama, mgongo gani huu unaofanyiwa kwa mbele?"

Kimya. Mke wangu ananitazama, mimi naona macho manne.

Siku ile ile nikaanza kuchomwa B1. Macho yakatulia ndani ya siku chache, akili ikarudi, ile sehemu nyembamba wakaipanua kwa puto dogo linalopitishwa mdomoni pamoja na kamera. Miguu ndiyo iliyogoma. Nilitembelea fimbo msimu mzima, mzigo ukawa unanunuliwa na watu wengine, na mpaka leo nyayo zinawaka moto usiku. Niko kilo 91, presha imekaa vizuri, vidonge vya sukari nimeachishwa. Upasuaji ulifanya kazi yake. Kilichoniua nusu ni mgongo.

Sasa wewe. Semina Arusha itaisha, utarudi Ilemela na vitobo tumboni na bomba badala ya tumbo. Usiku ukipata homa, moyo unakwenda mbio na tumbo linauma, huenda pale walipokata na kushona panavuja, na hapo ni kukimbizwa hospitali usiku huo huo. Nani atamwambia daktari kuna mshono? Ukiumwa kichwa mumeo atakuletea daiklofenaki ya dukani kwa upendo wote, nayo inachubua tumbo, na waliofanya baipasi ndio hasa wamekatazwa. Halafu umesema mnatafuta mtoto. Dada! Mwanamke akipungua uzito mimba inaweza kushika kirahisi kuliko zamani, na madaktari wanataka usubiri mwaka mmoja mpaka mwaka na nusu. Utamwambia nini mumeo ambaye hata hajui kuna kitu cha kusubiri?

Wewe uliyeandika hapo juu kwamba "mwili wake, siri yake", nakuheshimu, lakini mwili ukizimia hauongei. Mabosi wa kazini na mashoga wa kikoba wasijue, sawa. Mtu unayelala naye lazima ajue.

Mengine kwa kifupi. Nywele zitanyonyoka kuanzia mwezi wa tatu hivi, zitaota tena kama unakula protini ya kutosha. Mimi nilikuwa na upara tayari, nikaokoa. Ngozi italegea. Slivu au baipasi ni swali la daktari wa upasuaji akishaona vipimo vyako, si la mwenye sofa. Na si lazima uende India, hospitali ya Mloganzila pale Dar wanafanya, ukipata shida unarudi kwa waliokukata kwa basi.

Bei nilitaka kukuandikia, nitakuja.

Leo usiku, kabla ya kumtumia wakala hata shilingi, mkalishe mumeo. Ukishafanyiwa, barua ya kuruhusiwa usiichane. Juu yake andika kwa kalamu nyekundu: huyu amepunguzwa tumbo, akitapika kwa zaidi ya siku mbili tatu apelekwe hospitali kubwa, B1 kabla ya dripu ya glukosi. Mpe mumeo aipige picha ibaki kwenye simu yake, siyo yako. Picha ya ile barua yangu ilikuwepo muda wote, kwenye simu yangu, iliyofungwa kwa namba ya siri, na mwenye namba alikuwa anagombana na nesi juu ya barafu.