Wachungaji hawakai: tuuze kondoo wa baba?

SWALI: Mzee, salamu nyingi. Kwetu ni Kajiado. Miguu ya baba imechoka, hawezi tena kutoka na kondoo. Wanangu wako shuleni, nami niko kazini Nairobi wiki nzima. Vijana ninaowaajiri hawakai. Mtu akipata bodaboda anaaga. Majirani nao wamezungushia mashamba yao waya. Ndugu zangu wanataka tuuze kondoo wote wekundu, tulete kondoo wachache wa aina ya dorper wa kufungiwa nyumbani. Baba amenuna. Nifanyeje?

JIBU: Baba yako ana haki ya kununa, ila ndugu zako nao hawajapotea kabisa.

Watoto msiwalaumu. Tangu elimu ya msingi iwe bure mwaka 2003, asubuhi mahali pao ni darasani, na hilo mimi linanifurahisha. Kilichowabana zaidi ni huo waya. Ranchi za pamoja zilizoundwa chini ya sheria ya 1968 zikaja kugawanywa, kila mwenye hati akafunga chake.

Sasa dorper. Asili yake ni Afrika Kusini, na Kajiado alienezwa kuanzia miaka ya 1970. Hukua haraka na mnadani anapendeza, sibishi. Lakini minyoo ya tumbo humwangusha mapema. Kondoo mwekundu wa Kimaasai huistahimili, na kiangazi hukivumilia vizuri zaidi. Watafiti wamethibitisha, ingawa wazee hawakuwangoja. Tena ukimlisha kondoo ndani ya ua uleule kila siku, anameza mabuu ya minyoo yaliyotoka kwenye kinyesi chake mwenyewe. Yaani mnataka kumleta mnyama dhaifu kwa minyoo mahali minyoo itakapozidi, na mwenye jicho mmeshamstaafisha!

Maana kijana wa kuajiriwa huhesabu vichwa. Baba yako humwona anayebaki nyuma, anayejikuna, aliyevimba chini ya taya. Mwekeeni kiti mlangoni pa boma, awaangalie wakitoka. Jumamosi awafundishe wajukuu: mshike kondoo, vuta kope la chini taratibu, tazama rangi ya ndani. Ikiwa nyekundu, mwachilie. Ikiwa nyeupe, damu imepungua, na kwenu huko mshukiwa wa kwanza ni minyoo. Huyo ndiye wa kupewa dawa, si kundi zima, la sivyo minyoo itaizoea.

Majike wekundu msiuze. Kama ndugu zako wanataka nyama ya haraka, nunueni dume mmoja wa dorper apande baadhi yao. Waliobaki wapandwe na dume mwekundu, mbegu isipotee. Punguzeni idadi ilingane na majani mliyo nayo.

Na huyo kijana, mbali na mshahara, muahidi kondoo jike mmoja kila mwaka anaomaliza. Mwandikie, mzee akiwa shahidi. Bodaboda haizai.